Usinunue bobini kabla hujakwangua rangi: umeme wa pikipiki kuukuu

Nilinunua bobini mbili (ile koili inayopandisha umeme wa cheche) huko Birere, hapa Goma, moja Jumatatu, nyingine Alhamisi, kabla sijagundua kwamba pikipiki yangu haikuwa na ugonjwa wa bobini hata kidogo. Ni Yamaha DT125 ya miaka ya 1970, ya volti 6, ya platini (vidole vya chuma vinavyofungua na kufunga umeme wa cheche), iliyolala miaka kadhaa chini ya turubai nyuma ya nyumba ya watu. Nilipoipata niliivua yote, nikaipaka shasi rangi nyeusi ya kung'aa, nikaifunga tena. Ilipendeza kweli, lakini iligoma kuwaka. Bobini mpya ya kwanza: hakuna cheche. Ya pili: hakuna cheche. Mwishowe nikamwita fundi mmoja mzee wa Majengo. Mfuko wake wa spana hakuufungua hata. Aliazima spana yangu, akalegeza bolti mbili za bobini, akatoa kipande cha msasa mfukoni mwa shati, akakwangua rangi yangu mpaka chuma kikaonekana, akakaza. Kiki ya pili, injini ikanguruma.

"Moto inaenda, mwanangu," akaniambia, maana yake umeme. "Ni njia ya kurudi ndiyo ulifunga."

Pikipiki haina waya wa pili wa kurudishia umeme kama nyumba. Shasi yenyewe ndiyo waya wa pili, na ndiyo tunayoiita masi. Rangi, kutu au mafuta yakikaa kati ya kifaa na shasi, kifaa kizima kitaonekana kimekufa. Kwa hiyo hatua zilizo hapa nimezipanga kwa mfuko wako: za bure zinatangulia, za kununua zinakuja mwisho.

Haya yanahusu pikipiki za volani (gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka na injini, si usukani) na platini: Yamaha DT za zamani, Honda CG125 za mwanzo (zilizoanza kutoka mwaka 1976) na ndugu zao. TVS na Boxer zinazobeba watu mjini leo hazina platini. Ila sehemu ya masi, nyaya na betri itakufaa hata kwa hizo.

Jambo moja kuhusu mji wetu kabla ya kushika spana. Goma inatesa umeme wa pikipiki kwa njia mbili. Ya kwanza ni mawe. Tunaendesha juu ya lava, na kila jiwe linatikisa nyaya mpaka zinakatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Ya pili ni moshi wa Nyiragongo. Una gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na mvua inakuwa asidi. Muulize mtu wa upande wa Rusayo habari za mabati yake. Shaba iliyo ndani ya viungo vya nyaya inaliwa vivyo hivyo, polepole, gizani, chini ya tangi.

Vitu vya kuandaa

Multimeta ya bei ndogo inatosha. Kama huna, chukua ampuli (balbu) ya volti 6 na nyaya mbili. Itakujibu "upo" au "haupo", na mara nyingi hilo tu ndilo unalotaka kujua. Ongeza bisibisi, koleo, msasa laini wa namba 400 au 600, tupa ndogo bapa, brashi ya meno iliyostaafu, na vibati vya kupimia nafasi. Vibati visipopatikana usikate tamaa. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, na mbele nitakuonyesha jinsi inavyosaidia.

Simu yako ndiyo kifaa kingine. Kabla hujachomoa waya hata mmoja, piga picha kila kiungo, pande zote. Mimi niliamini kichwa changu, nikalipa kwa siku nzima ya kubahatisha.

Hatua ya kwanza: jua rangi za nyaya zako

Toa waya wa betri, wa masi kwanza. Kisha tazama rangi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochoma fyuzi. Kwenye Honda, waya wa masi ni wa kijani, na mweusi ni waya wenye umeme baada ya kufungua ufunguo. Kwenye Yamaha ni kinyume: mweusi ndio masi, na wenye umeme wa ufunguo ni wa kahawia. Suzuki hutumia mweusi wenye mstari mweupe kwa masi, Kawasaki mweusi wenye mstari wa njano. Fundi aliyezoea Honda akishika Yamaha na kufuata mazoea yake, utasikia harufu kabla hujaona kosa.

Lakini pikipiki iliyopita mikono mitano haiaminiki kwa rangi. Kuna aliyeunga kijani kwa nyekundu kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo siku hiyo. Fuata waya kwa mkono, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya pili: je, cheche ipo?

Fungua buji (plagi ya cheche), irudishe kwenye kofia yake, ilaze ikigusa chuma cha injini, mbali na tundu la buji, kisha piga kiki. Fanya hivyo kivulini. Jua la saa sita litakuficha cheche na utasema haipo. Funga bomba la mafuta, na kama kuna chupa ya petroli karibu, iondoe. Usiiache buji hewani bila kugusa chuma: umeme ukikosa pa kwenda unatoboa ngozi ya bobini kwa ndani.

Cheche nzuri ni ya buluu na ina sauti ya kupasuka. Cheche yenye nguvu inaruka hewani milimita 6. Ikiwa ni ya njano, nyembamba, inakuja na kupotea, umeme upo ila kuna mahali unavuja.

Cheche ikikosekana kabisa, usifungue injini bado. Kwenye pikipiki hizi, ufunguo ukifungwa, au kitufe cha kuzimia kikibonyezwa, umeme wa cheche unapelekwa kwenye masi. Ndivyo injini inavyozimwa. Kwa hiyo swichi iliyooza, au waya wake uliochubuka chini ya tangi na kugusa shasi, unaizima pikipiki saa zote. Tafuta waya mweusi wenye mstari mweupe (rangi hiyo ni moja kwa Honda na Yamaha), uchomoe, upige kiki tena. Cheche ikirudi, umemaliza: ugonjwa uko kwenye swichi au waya wake. Kumbuka tu kwamba waya huo ukiwa nje, ufunguo hauzimi injini tena. Utaizima kwa kuvuta choki, au kwa kuweka gia, kukanyaga breki na kuachia klachi taratibu.

Swichi yenyewe nyingi hufunguka. Ndani utakuta shaba iliyogeuka kijani na grisi iliyokauka kama nta. Brashi ya meno, petroli kidogo, msasa laini, vaselini chembe, funga.

Na kofia ya buji, watu huisahau. Nyingi zinazungushwa kama skrubu kwenye waya mnene. Izungushe uitoe, kata milimita 5 za waya mpaka uone shaba safi, irudishe. Ukiipima kwa multimeta, kofia yenye kizuizi itaonyesha karibu ohm 5,000, isiyo nacho karibu sifuri. Ikionyesha kwamba njia imekatika, itupe.

Hatua ya tatu: masi

Hapa ndipo ningeanzia ningekuwa na akili za leo. Tafuta kila mahali kifaa cha umeme kinapogusa shasi: miguu ya bobini, waya wa masi wa mkanda wa nyaya (mara nyingi umefungwa chini ya tangi au karibu na betri), kibati cha taa ya nyuma, honi. Fungua, kwangua mpaka chuma kiwake, funga, kisha paka vaselini juu yake baada ya kukaza. Watu hupaka kabla, halafu wanashangaa.

Kupima: weka multimeta kwenye ohm, gusisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe, uone inasema ngapi. Hiyo ni nyaya za multimeta, itoe kwenye kila hesabu. Sasa ncha moja kwenye mwili wa bobini, nyingine kwenye chuma cha injini. Ukitoa ile ya mwanzo, unataka kubaki na sifuri au karibu nayo. Ukipata ohm 2 au 3, bado hujakwangua vya kutosha.

Kama hutaki kukwangua rangi mpya (nakuelewa), funga waya mnene wa ziada kutoka kwenye bolti ya bobini moja kwa moja hadi kwenye injini. Pikipiki yangu inao mpaka leo.

Hatua ya nne: platini

Platini ni vidole viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga kila mzunguko wa volani. Zikiwa zimefungwa, umeme unaotengenezwa na sumaku unazunguka chini tu, kwenye bobini ya volani. Zikifunguka ghafla, umeme ule unasukumwa kwenda bobini ya juu (ile ya chini ya tangi), nayo inaupandisha hadi maelfu ya volti. Kwa hiyo mambo mawili yanahesabika: uso wa platini uwe safi, na zifunguke kwa wakati wake.

Fungua kifuniko cha kushoto cha injini. Volani ina madirisha, na kupitia dirisha moja utaziona platini bila kung'oa kitu. Zungusha volani kwa mkono (buji ikiwa nje inazunguka kirahisi) mpaka zifunguke, uzimulike kwa tochi. Uso wa kijivu, bapa, ni mzima. Uso wenye kilima upande mmoja na shimo upande wa pili umechoka, na mara nyingi kondensa (tutaifikia hatua ya tano) ndiyo iliyouchosha. Uso mweusi wenye mafuta una habari nyingine: sili ya kranki nyuma ya volani inavuja. Safisha utakavyo, wiki ijayo mafuta yatakuwa yamerudi. Badilisha sili kwanza.

Pitisha tupa ndogo katikati mara chache, bila kukandamiza, mpaka nyuso mbili zikutane bapa. Kisha msasa laini. Kisha, na hili ndilo linalorukwa, pitisha kipande cha karatasi safi yenye spiriti au petroli safi, ukivute mara nyingi mpaka kitoke cheupe. Unga wa tupa ukibaki katikati, umeme haupiti. Hata platini mpya kutoka dukani zifute hivyo hivyo: zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu, na nimeona mtu akirudisha platini dukani akidai ni feki, kumbe hakuzifuta.

Sasa nafasi. Zungusha volani mpaka platini zifunguke kwa upana wake wa mwisho. Kwa Honda na Yamaha hizi ndogo unatafuta milimita 0.3 hadi 0.4. Legeza skrubu inayoshika platini, isogeze kwa ncha ya bisibisi, kaza, pima tena, kwa sababu kukaza kunaisogeza. Usiye na vibati, chukua karatasi zako za fotokopi: kurasa tatu ziingie kwa ulaini, ya nne igome. Ukimaliza pitisha tena karatasi yenye spiriti kuondoa nyuzi.

Wakati wa kufunguka unaonyeshwa na alama: mstari kwenye volani na mwingine kwenye mwili wa injini. Kwenye Honda mstari wa volani una herufi F. Platini zinatakiwa kuanza kufunguka mistari hiyo inapokutana. Njia ya zamani ni karatasi ya sigara. Ibane katikati ya platini, ivute kidogo kwa mkono mmoja huku wa pili ukizungusha volani polepole, upande ule ule injini inaozungukia. Karatasi inapoachiwa, simama, tazama mistari. Kwenye injini nyingi za aina hii ukiongeza nafasi, platini zinafunguka mapema; ukipunguza, zinachelewa. Cheza ndani ya ile 0.3 na 0.4 mpaka mistari ikubali.

Isipokubali ndani ya nafasi hiyo, hapo sasa volani ing'oke. Tumia kivutio chake, kile kinachoingia kwa uzi na kuisukuma. Uzi huo mara nyingi ni wa kushoto, kwa hiyo jaribu kwa vidole kabla ya kutumia nguvu. Nyundo hapana. Volani ikipigwa sumaku inadhoofika, au misumari yake inalegea, na hakuna duka Birere litakalokuuzia volani ya mwaka huo. Nyuma yake angalia kichuma kidogo cha umbo la nusu mwezi kinachoishikilia kwenye kranki. Kikiwa kimekatika, volani ilihama mahali pake, na ndiyo sababu mistari ilikuwa inakudanganya.

Kabla hujafunika, weka grisi kama punje ya mtama kwenye kamu inayosukuma kisigino cha platini. Zaidi ya hapo itarukia platini.

Hatua ya tano: kondensa

Kikopo kidogo chenye waya mmoja, na ndicho mwizi mkubwa wa siku za watu. Kazi yake ni kupokea umeme platini zinapofunguka, ili usiruke katikati yao. Ikifa, utaona cheche kubwa zikiwaka kwenye platini huku buji ikipata cheche ya njano. Dalili yake maarufu: pikipiki inawaka asubuhi bila shida, unaenda hadi Ndosho, joto linaingia, inazima. Unakaa nusu saa unaongea na watu, inawaka tena. Watu watakwambia ni mafuta ya kadhafi, yule wa chupa za kando ya barabara. Labda. Mimi naanza na kondensa.

Iliyo nzima ina takribani mikrofaradi 0.2 hadi 0.3, kama multimeta yako ina kipimo hicho. Isipokuwa nacho, tumia ohm: namba inapanda haraka hadi kupotea kabisa. Ikibaki chini, kondensa imeungana ndani. Ila kipimo cha baridi hakiwezi kukuonyesha kondensa inayokufa kwa joto, kwa hiyo nikiitilia shaka naibadilisha, haina bei.

Ya pikipiki yako ikikosekana, chukua ya gari la zamani la petroli lenye platini. Inakaribiana kabisa. Haitaingia ndani ya volani, na afadhali: ifunge nje, karibu na bobini ya juu, mbali na joto la injini. Waya wake kwenye waya unaotoka kwenye platini, mwili wake kwenye chuma kilichokwanguliwa. Ile ya zamani itoe kabisa. Ikibaki na imeungana ndani, mpya haitafanya kazi.

Hatua ya sita: bobini, hatimaye

Bobini ya juu, ile ya chini ya tangi, ina njia mbili. Kutoka waya mwembamba hadi mwili wake utapata karibu ohm 1. Kutoka waya mnene wa buji (bila kofia) hadi mwili utapata maelfu kadhaa, mara nyingi kati ya 5,000 na 10,000. Sifuri ni ugonjwa, na njia iliyokatika pia ni ugonjwa. Ukipata sawa ikiwa baridi, ipime tena baada ya injini kuwaka dakika 15. Waya uliokatika ndani hugusana baridini na kuachana motoni.

Bobini ya volani, iliyo chini, pima kwenye waya unaotoka kwenye platini. Kumbuka kuweka kipande cha karatasi katikati ya platini, la sivyo utapima platini zilizofungwa na kusema bobini imeungana. Utapata ohm chache tu. Ikiwa imekatika, itazame kwanza kwa lenzi: mara nyingi waya umekatika pale unapoungwa na ule wa nje, mahali unapoweza kuuchomelea.

Ikiwa imeungua ndani, fundi anayesuka mota za pampu na jenereta anaweza kuisuka upya. Kazi yako ni kumpelekea ya zamani nzima, na kumwomba ahesabu mizunguko anapoitoa, asikisie. Apime unene wa waya kwa kipimo, arudishe uleule, na azungushe kuelekea upande uleule. Fundi atakayekuambia "nitaweka mnene kidogo iwe na nguvu" mshukuru, uondoke na bobini yako.

Hatua ya saba: nyaya

Kwa mawe yetu, waya wa nyumba wa shaba moja ngumu haufai. Utakaa mwezi, utavunjika. Tumia waya laini wa nyuzi nyingi, wa milimita za mraba 0.75 kwa taa ndogo na 1.5 kwa masi na betri. Waya uliokatika ndani unaujua kwa kuukunja: pale panapokunjika kirahisi kuliko kwingine, ndipo palipokatika. Anza shingoni mwa pikipiki, karibu na usukani, panapopindwa kila kona.

Kuchomelea hakuhitaji umeme. Kipande cha shaba chenye mkono, kilichopashwa kwenye mbabula (jiko) ya makaa, kinachomelea vizuri sana. Kwangua waya ung'ae, usokote, upashe waya kisha gusisha lehemu kwenye waya, wala si kwenye kile kichuma. Lehemu inayokaa juu kama tone la maji kwenye jani la kolokasi haijashika. Ukimaliza, funga waya kwenye shasi karibu na kiungo, maana lehemu inaufanya uwe mgumu na ukiachwa uning'inie utavunjika palepale ilipoishia. Viungo vya kuchomekana vilivyo na kijani viloweke kwenye siki robo saa, visuuze kwa maji yenye magadi kidogo, vikauke, chembe ya vaselini.

Fyuzi iwe fyuzi. Karatasi ya fedha ya sigara haikatiki hata nyaya zikiungua, na wewe umekalia tangi.

Hatua ya nane: taa na betri

Injini hizi hazihitaji betri ili ziwake. Kwa hiyo aliyekuambia pikipiki haiwaki kwa sababu betri imekufa, amekosea pikipiki. Betri ni ya honi, taa za kuonyesha kona, na taa ya breki. Taa kubwa kwa kawaida inakula moja kwa moja kutoka kwenye volani. Hapo kuna mtego. Umeme wa volani hauna wa kuupunguza isipokuwa ampuli zenyewe. Ya nyuma ikiungua, umeme wake unaenda mbele, nayo inaungua, usiku, mahali pabaya. Tumia ampuli za volti 6 zenye wati zilezile zilizoandikwa, na ukiona ya nyuma imezima, badilisha kabla ya safari.

Betri isiyojaa wakati yenyewe ni nzima, tazama kifaa kinachogeuza umeme wa volani uende upande mmoja. Cha zamani ni visahani vya seleni vilivyopangwa kama sahani za duka. Vinachoka kwa umri, na vikiungua vinatoa moshi wenye sumu na harufu mbaya, usisogeze pua. Badilisha kwa diodi ya kawaida ya redio: 1N5408 inabeba ampea 3 na inatosha. Upande wenye mstari mweupe unaelekea kwenye chanya ya betri. Ukigeuza, betri haitajaa, na itamwaga umeme wake kwenye bobini ya volani.

Betri ya volti 6 ina vyumba vitatu. Ikiwa imejaa na imepumzika, inasoma karibu 6.3 au 6.4. Ijaze polepole, kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: ya ampea-saa 4 ijazwe kwa ampea 0.4. Wengi wetu tuna sola ya volti 12 nyumbani. Weka ampuli ya volti 12, wati 5, katikati ya waya wa chanya, nayo itapunguza umeme hadi karibu ampea 0.3. Haijizimi yenyewe, kwa hiyo shinda nayo karibu na uipime, ikifika 7.2 itoe. Fungua vifuniko, na hapo usiwashe sigara wala mbabula, maana gesi inayotoka inalipuka.

Kuhusu maji ya betri, nina ugomvi na majirani. "Maji ya mvua ni safi, yaya, hayana chumvi." Mahali pengine, sawa. Hapa mvua inashuka ikiwa imepita kwenye moshi wa mlima, kisha inapita juu ya bati lenye kutu na majivu, kisha inaingia kwenye pipa. Weka maji hayo na unaongeza madini ambayo hayatatoka tena. Maji ya ziwa usiyataje. Nunua maji ya betri yaliyotoneshwa, chupa moja inakaa miezi.

Kujaribu

Washa, iache ichemke, kisha endesha hadi Mugunga na urudi, mchana. Zima, washa ingali moto. Kondensa na bobini mbovu hujionyesha hapo. Toa buji uitazame. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu wakati cheche ni ya buluu, usirudi kwenye umeme: tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa pwani inamwaga mafuta mengi kupita kiasi. Hiyo ni kazi ya kabureta, siku nyingine.

Baada ya wiki moja fungua kifuniko cha kushoto tena. Kisigino kipya cha platini kinaliwa haraka siku za mwanzo, na nafasi inapungua. Kurasa tatu zikiingia bado, funika. Zikigoma, dakika kumi na bisibisi.